Fundi Anayeacha Kazi Nusu

Nazi ikishakunwa, kifuu chake huishia jikoni au jaani. Mwalimu wa watoto wadogo anayeijua kazi yake hukiomba kabla hakijafika huko. Hukikwangua ndani mpaka chembe ya mwisho ya nazi itoke, maana ikibaki itachacha na kuita sisimizi. Hukiloweka, akaparura nyuzi za nje kwa kisu, kisha akashika msasa na kuuzungusha ukingoni taratibu, mpaka kidole kikipita kisihisi mkwaruzo. Halafu hupitisha ukingo ule kwenye midomo yake mwenyewe, kwa sababu anajua mtoto wa miaka 3 atakitia kinywani kabla ya kukifanyia jambo lingine lolote. Kikifaulu mtihani huo, hukianika juani na kukiweka rafuni pamoja na wenzake.

Kuanzia hapo kifuu kinaweza kuwa kikombe, sufuria, mtumbwi, ngoma, kofia ya mwanasesere au gamba la kobe. Kitakuwa kipi kati ya hivyo, mwalimu haamui. Amekisafisha, amekilainisha, amehakikisha hakitamuumiza mtu, akaishia hapo.

Ufundi wa kumwandalia mtoto mdogo mahali pa kuchezea haupewi heshima yake. Wengi huuona kama kazi ya kuweka vitu tu: mkeka, mpira, wanasesere wawili, basi. Kadiri ninavyowatazama walimu wanaoufanya kwa moyo, ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa ni ufundi kamili, wenye malighafi yake, vipimo vyake na kanuni moja ngumu kuliko zote. Seremala hukabidhi kiti kikiwa kimekamilika. Fundi huyu hana budi kukabidhi kazi nusu, na ajue barabara ni nusu ipi ya kumwachia mtoto.

Katika mwambao wetu ufundi huu una historia ya kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa jamii za Kiislamu za pwani ya Kenya waliona watoto wao wakiingia shule ya msingi wakiwa nyuma ya wenzao, wakamwomba msaada Aga Khan, kiongozi wa Waismailia. Mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa, na aliyebeba mzigo wa mwanzo alikuwa mwalimu, Bi Swafiya Said. Alikwenda nyumba kwa nyumba akizungumza na wazazi, akatafuta wanawake wa mitaa ile ile na kuwafunza ualimu. Shule za awali za madrasa zikaanza kuchanganya mafunzo ya dini na kujifunza kwa kucheza. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na shule zilizolelewa nao zikazidi 200.

Katika madarasa yale vifaa vya kuchezea vilitengenezwa na walimu na wazazi wenyewe, kutokana na vitu vilivyowazunguka: vifuu, makombe ya baharini, mbegu, vitambaa, ukili, mabaki ya mbao. Uhaba wa fedha ulikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ilikuwa nzito zaidi. Mtoto anayekuta shuleni kata na upawa kama vya bibi yake anaingia darasani akiwa tayari na ujuzi mkononi. Anajua vinavyoshikwa na vinavyomimina, na mchezo wake unaanzia pale maisha ya nyumbani yalipomfikisha.

Kazi basi huanza na macho. Mwalimu wa aina hii hapiti njia bure. Pwani huokota simbi, makombe na komwe, zile mbegu za kijivu ngumu zinazotumika kama kete za bao. Bara hukusanya magunzi ya mahindi, magome makavu ya mgomba, vibuyu vidogo na udongo wa kichuguu, ambao ukikandwa vizuri hushikana na haupasuki upesi. Kwa fundi cherehani huomba vitambaa, na kwa muuza duka huomba makasha. Nyumbani kwake huwa na kikapu cha vitu vinavyosubiri kusafishwa, na watu wa nyumba wameshazoea.

Kukusanya ni rahisi. Kukataa ndiko kunakomtofautisha fundi. Zipo mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazoitwa macho ya tipitipi. Zinapendeza kuliko mbegu zote za vichakani, na watu huzitunga shanga. Mwalimu makini hazigusi kwa ajili ya darasa, kwa kuwa ndani yake mna sumu kali, na mtoto akizitafuna zinaweza kumuua. Kopo lililowahi kutiwa dawa ya wadudu halisafishiki kiasi cha kutosha, kwa hiyo halirudi nyumbani wala haliingii darasani. Kopo la maziwa lenye ukingo mkali hugongwa kwa nyundo mpaka makali yalale, au huachwa. Kwa watoto wa chini ya miaka 3 kuna kipimo kimoja chepesi: chochote kinachopenya ndani ya kile kibomba cha kadibodi cha karatasi ya chooni kinaweza kuziba koo. Kwa hiyo komwe na vizibo husubiri wakubwa, na wadogo hupewa vifuu, magunzi na mipira ya matambara.

Mwaka 1971 msanii wa Kiingereza, Simon Nicholson, aliandika makala ambayo walimu wa watoto wadogo duniani bado wanaisoma. Alisema kwamba uwezo wa kubuni na kugundua, mahali popote, hutegemea wingi na aina za vitu vinavyoweza kubadilishwa mahali hapo. Kabla yake, mwaka 1943, msanifu wa bustani wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, alikuwa amefungua huko Emdrup, Copenhagen, uwanja wa kuchezea uliojaa mbao, matofali na mabaki ya kila namna. Alikuwa amewaona watoto wakiipenda mitaa yenye majengo yasiyokamilika kuliko viwanja rasmi alivyowatengenezea. Watoto wetu wamekuwa wakiuthibitisha ukweli huo siku zote, kwa magari ya waya yenye magurudumu ya vizibo, na kwa mipira ya matambara na kamba. Gari la betri lina njia moja ya kuchezewa. Kipande cha ubao kina njia nyingi kama siku za mwaka, na fundi wa mahali pa kuchezea huhesabu njia kabla ya kuhesabu vitu.

Ubao nao una hesabu zake. Caroline Pratt, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha shule New York mwaka 1914, alibuni matofali ya mbao ambayo mpaka leo hutumika katika shule nyingi za awali. Siri yake ni uwiano: urefu wa tofali ni mara 2 ya upana wake, na upana ni mara 2 ya unene. Matofali 2 yakiunganishwa kichwa kwa kichwa yanalingana na tofali refu, na 2 ya nusu yanalingana na 1 zima. Mtoto hafundishwi hesabu hiyo. Ukuta wake unakataa kusimama sawasawa mpaka aligundue lile linalolingana, na siku anayoligundua, amejua sehemu za namba kwa mikono kabla ya kuzijua kwa chaki.

Niliwahi kumsindikiza mwalimu mmoja wa Unguja kwenye karakana ya seremala kuomba vipande vilivyokatwa na kuachwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Vipande vyako hivyo hapo, vimejaa gunia."

"Ahsante, mzee wangu. Leo nina ombi jingine. Unikatie hivi virefu, halafu na vifupi, viwili vyake vitoshe kirefu kimoja. Visizidi hata kidogo."

"Watoto wataona hiyo tofauti ndogo?"

"Wao ndio watakaoiona, mzee."

Seremala akacheka, akachukua penseli sikioni na kupima. Mwalimu alisubiri pembeni, kila kipande kikitoka anakilaza juu ya kingine na kupitisha kidole kwenye maungio. Kimoja alikirudisha. Seremala akakipiga randa mara 2 na kumpa tena bila kusema neno. Pale niliona mafundi wawili wakielewana, kila mmoja akitambua kuwa mwenziwe hana mchezo na kipimo.

Vifaa vikishapatikana, inakuja kazi ya kuvipa mahali. Hapa mwalimu hufanya jambo ambalo mgeni huliona la ajabu kidogo: hukaa chini sakafuni, miguu amekunja, na kutazama chumba kizima kutoka pale. Mtoto wa miaka 3 ana urefu wa takriban sentimita 95. Picha iliyotundikwa kwenye usawa wa macho ya mtu mzima, kwake ni kama haipo. Mlango mzuri wa kabati, kwake ni ukuta. Akiwa amekaa chini, mwalimu huona uvungu wa meza wenye giza linaloweza kuwa pango, huona msumari uliojitokeza ambao akisimama hauonekani, huona kwamba jua la saa 3 asubuhi linampiga usoni mtu anayekaa kwenye kona ya vitabu. Husogeza mkeka. Hukaa tena.

Habari ya rafu za chini ina kisa maarufu. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini, na mwalimu ndiye aliyevigawa na kuvirudisha. Siku moja mwalimu alisahau kulifunga kabati, akachelewa kufika. Alipoingia akakuta watoto wamekwisha kujichukulia, kila mmoja ameshughulika na alichokichagua. Mwalimu aliona ni wizi. Montessori aliona ni uteuzi: watoto walivijua vifaa vizuri kiasi cha kujua wanachokitaka. Tangu hapo akaweka makabati mafupi ambayo mtoto anayafikia mwenyewe. Ukiingia leo katika darasa zuri la awali na kukuta makasha ya matunda yamelazwa ubavu yakawa rafu, yamepigwa msasa na kupakwa rangi, uamuzi ni ule ule: mtoto achague bila kuomba ruhusa, na arudishe bila kusaidiwa.

Rafu hizo hazijazwi. Kila kitu kina nafasi yake, na kati ya kitu na kitu pana uwazi. Mzazi anayependa watoto wake hushawishika kumimina kila alichonacho, na kabla ya dakika 10 kupita chumba kimekuwa soko lililofumuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwatazama watoto 36 wadogo wakicheza, mara wakiwa na vitu 4, mara wakiwa na vitu 16. Walipokuwa na vitu 4, watoto walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa namna nyingi zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018, lakini walimu wazoefu walikwishalifahamu jambo hilo kwa kuangalia. Wao huweka vichache, vingine hufichwa ghalani, na baada ya wiki hubadilishana zamu. Kifuu kilichopotea machoni kwa siku kadhaa hurudi kikiwa kipya.

Halafu kuna ramani ya chumba. Kona ya ujenzi hukaa mbali na njia ya kupita, kwa sababu mnara uliobomolewa na mguu wa mpita njia huleta kilio, na kilio hicho ni kosa la aliyepanga chumba. Kona ya nyumbani, yenye mafiga 3 madogo, vyungu na kanga, huwekwa jirani na kona ya ujenzi, maana punde si punde mafundi huona njaa na kuja kula, na mama wa nyumba ile huhitaji ukuta. Vitabu hupelekwa penye mwanga na utulivu, mbali na ngoma. Maji na mchanga huwekwa karibu na mlango au barazani, chini ya kivuli, mahali ambapo kumwagika si tatizo. Beseni huwa na maji ya kina kifupi, mtu mzima haliachi peke yake hata nukta moja, na mchezo ukiisha maji humwagwa papo hapo, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji kidogo. Ukitazama chumba kilichopangwa hivyo utadhani kimejipanga chenyewe. Kila upande una sababu, na sababu zote zimetokana na kuwatazama watoto hawa hawa, katika chumba hiki hiki.

Sasa tufike kwenye ile nusu inayoachwa. Asubuhi, kabla watoto hawajaingia, mwalimu hupita kila kona na kuacha jambo limeanza. Kwenye mkeka wa ujenzi husimamisha mbao 2 kama nguzo na kulaza 1 kando yake. Hajengi daraja, ila anayeingia akiona zile nguzo, mkono utakwenda wenyewe kwenye ubao uliolala. Kwenye udongo hufinyanga kipande kimoja kikawa duara, akakiacha na alama za vidole vyake. Kwenye makombe hupanga kubwa, dogo, kubwa, dogo, kisha akasita. Akizidisha, mtoto atasimama kutazama kazi ya mtu mzima. Akipunguza mno, atapita kando. Kipimo hicho hakimo katika kitabu chochote. Hupatikana kwa asubuhi nyingi za kujaribu na kutazama kilichotokea.

Siku moja niliona kazi hiyo kwenye beseni la maji. Ukigawanya nazi katikati unapata vifuu 2, kimoja chenye yale macho 3 na kimoja kipofu. Jana yake mwalimu alikuwa ametoboa kwa msumari lile jicho laini, akaweka vifuu vyote viwili kando ya beseni bila maelezo. Msichana wa miaka 4 hivi akateka maji kwa kile chenye macho, akainua, maji yakamtiririka mkononi.

"Mwalimu, hiki kibovu!"

"Ehe? Kibovu wapi?"

Mtoto akakigeuza, akakitazama kwa ndani, akakiinua juani. "Hapa. Jichoni."

"Aa. Sasa tufanyeje?"

Akaliziba jicho kwa kidole gumba, akateka tena, akatembea nayo hadi mwisho wa baraza bila tone kudondoka. Mvulana aliyekuwa kando akamfuata mbio. "Nipe mimi! Hicho ndicho kizuri, kinanyesha mvua!" Asubuhi yote iliyobaki kifuu kile kilinyesha mvua juu ya mashamba ya mchanga, na kile kizima kikawa kisima. Mwalimu hakusema tena neno. Alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua chache kando, mikono mapajani, akitazama kwa makini ya mtu aliye kazini.

Kutulia kule ni sehemu ya ufundi, na pengine ndiyo sehemu inayochukua miaka mingi kujifunza. Mtu mzima huwashwa na ulimi. Hutaka kueleza kwa nini maji yanavuja, kusifu, kusahihisha, kuharakisha. Mwalimu yule alijua kwamba maelezo yangempa mtoto jibu la kifuu kimoja, wakati kuzungusha kifuu mwenyewe kulikuwa kunampa desturi ya kuuliza vitu vyote. Aliingilia mara moja tu, kwa swali fupi, kisha akampisha.

Watoto wakiondoka, kazi hairudi kuwa ya ufagio tu. Mwalimu husoma alama walizoacha. Matofali marefu yote yako kona ya nyumbani: kumbe ukuta unahitajika kule, kesho atayapeleka mapema. Vitabu havikuguswa: labda jua, labda mkeka unachoma, labda ni vile vile vya wiki iliyopita. Kanga 1 imefungwa fundo la mbeleko: kuna mtu nyumbani kwa mmoja wao amejifungua, kesho aongeze wanasesere. Huosha vifuu, huvichunguza nyufa, kilichopasuka hukitoa, kisha hufikiri nini kianzwe kesho na kiishie wapi.

Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka 1 wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na ni jambo jema. Darasa lenye watoto wengi na mwalimu mmoja linahitaji ufundi huu kuliko lile lenye watoto wachache, kwa sababu chumba kilichopangwa vizuri humsaidia mwalimu kufundisha pale asipoweza kuwapo. Lakini ratiba nyingi huhesabu saa za mwalimu kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Saa ya kupiga msasa, ya kukaa sakafuni kupima mwanga, ya kusoma alama za mchezo baada ya watoto kuondoka, haimo popote, na anayeifanya huikata katika usingizi wake.

Mzazi mwenye chumba kimoja cha kupanga anaweza kuanza leo: mkeka pembeni penye mwanga, kasha moja lililolazwa, vitu 4 visafi visivyo na makali, na kimoja kati ya hivyo kimeachwa kimeanzwa. Kisha akae karibu, anyamaze, atazame. Na mwalimu mkuu au kamati ya shule inayotaka watoto wafikiri, impe mwalimu wa awali saa yake ya maandalizi kila siku, iandikwe kwenye ratiba na ilipwe kama saa nyingine zote za kazi. Mambo mengi tunayotamani kuyaona kwa kijana wa miaka 20, kuuliza, kupima, kuanza upya, kupokezana na mwenzake, huanza kutengenezwa hapo chini kwenye mkeka, na wapo watu wanaojua namna ya kuyatengeneza.